Malalamiko kuhusu indiketa ya nyuma kulia inayolegea kila mara

Kihonda,
Morogoro.
14 Julai 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Pikipiki na Vipuri,
Morogoro.

YAH: PIKIPIKI NILIYOUZIWA TAREHE 3 MACHI 2025, INDIKETA YA NYUMA UPANDE WA KULIA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu. Nilinunua kwenu pikipiki mpya ya cc 150 kwa shilingi 2,950,000, nikalipa taslimu, na risiti ninayo. Kazi yangu ni kushusha mboga kutoka Mgeta: karoti, kabichi, na njegere zikiwa msimu wake. Alfajiri napanda mlimani, saa nne nateremka na matenga mawili hadi Sangasanga, hapo naingia barabara kuu ya Iringa na kuja mjini. Kwa anayeijua njia hiyo sina haja ya kueleza. Huko juu ni mawe na makorongo, huku chini ni malori ya Tunduma na Zambia yanayokuja nyuma yako kwa kasi. Mtu wa kazi hii akikosa indiketa ya kulia amekosa kitu kikubwa, maana kukata kulia ndiko kunakokupitisha mbele ya magari.

Wiki ya tatu tu tangu niinunue, indiketa ya nyuma kulia ilianza kucheza. Nilikuja gereji yenu tarehe 26 Machi. Fundi wenu hakufungua kitu. Aliishika taa yenyewe kwa mkono, akaizungusha mpaka ikagoma, akaniambia imekaza. Nilishukuru nikaondoka. Sikujua kwamba waya unapita ndani ya ile bolti yenye tundu, na kwamba ukizungusha taa badala ya nati, waya nao unajinyonga humo ndani. Siku tano baadaye ile ya mbele ikaanza kuwaka harakaharaka, ya nyuma haiwaki kabisa. Waya ulikuwa umekatika.

Safari ya pili, tarehe 2 Aprili, waya uliungwa, shingo ya indiketa ikapakwa gundi kisha ikazungushiwa mpira wa tyubu, nikalipishwa shilingi 8,000. Nilipouliza kwa nini nalipa na pikipiki haijamaliza hata miezi miwili, nilijibiwa kwamba taa haziko kwenye dhamana na kwamba nabeba mzigo mkubwa. Safari ya tatu, mwezi Mei, niliambiwa ninunue indiketa nzima. Nilinunua kwenu hapohapo, shilingi 12,000, ikafungwa mahali palepale kwa raba na nati zilezile. Ikalegea tena.

Sasa nieleze ya tarehe 2 Juni, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Nilikuwa narudi mjini na matenga yangu, nimeshapita Mzumbe, nataka kukata kulia niingie kituo cha mafuta. Nikabonyeza swichi mapema, nikasikia flasha, kile kifaa kinachoiwasha na kuizima indiketa, inalia, nikatazama kioo, nikaona lori lenye trela liko mbali. Nikaanza kusogea katikati ya barabara. Lori halikupunguza mwendo. Lilitoka kunipita kwa upande uleule wa kulia ninaokwenda, na honi yake niliisikia likiwa limeshanifikia begani. Nilirudisha usukani kushoto, nikatoka nje ya lami, tenga moja likakatika kamba na karoti zikamwagika kwenye kokoto mpaka mtaroni.

Dereva yule alisimama mbele akarudi kwa miguu, na sisi wawili tukaitazama pikipiki. Indiketa ilikuwa inawaka vizuri tu. Ila ilikuwa imechomoka, inaning'inia kwa waya wake, inamulika tairi. Akaniambia, "Kaka, mimi nyuma sikuona kitu." Sikuwa na la kumjibu, kwani alikuwa anasema kweli. Nina watoto watatu, Ndugu Meneja, na mkubwa wao huwa nampakia siku za likizo. Siku ile hakuwepo.

Jioni yake nilikwenda kwa fundi wa kijiweni. Huyu alichukua spana namba 12, akashika taa kwa mkono wa kushoto isizunguke, akafungua nati kwa nyuma, akaitoa indiketa pamoja na raba yake. Kisha akafanya jambo ambalo gereji yenu haikulifanya mara zote tatu: akafungua na ya kushoto, akaziweka mbili hizo kwenye gunia, tukazilinganisha. Ya kushoto, ndani ya tundu la raba, ina bushi, yaani kipande kifupi cha bomba la chuma, na mbele ya nati kuna washa ya springi, ile pete ya chuma inayozuia nati isilegee. Ya kulia haina bushi wala washa. Nati ilikuwa inakandamiza raba tupu. Raba inabonyea, ikibonyea nati inakosa kitu kigumu cha kukaza, mtikisiko kidogo tu nati inarudi nyuma. Unaweza kukaza kila siku, na kila siku italegea. Hata indiketa mpya ya shilingi 12,000 isingesaidia, kwa sababu kasoro haikuwa kwenye taa.

Kwa hiyo maneno ya mzigo mkubwa siyakubali. Taa ya kushoto imebeba mzigo uleule, njia ileile, kwa miezi ileile, na haijatikisika. Pikipiki hizi zinafika kwenye makasha na kufungwa hapahapa nchini. Aliyeifunga yangu alisahau vipande viwili. Binadamu husahau, hilo naelewa. Lakini kurudishiwa pikipiki mara tatu bila mtu kushika spana na kuangalia ndani, hilo sielewi.

Tena kuna hatari nyingine ambayo fundi wa kijiweni alinionyesha. Taa ilipokuwa inacheza, waya ulikuwa unasuguana na ukingo wa bati mpaka ngozi yake ikachunika. Waya huo ukigusa chasisi indiketa ikiwa imewashwa, fyuzi inaungua. Kwenye pikipiki hii fyuzi hiyo moja ndiyo ya honi na taa ya breki pia. Injini inaendelea kuunguruma na taa kubwa inawaka, kwa hiyo dereva anaondoka akidhani kila kitu kiko sawa, kumbe nyuma yake hakuna indiketa wala taa ya breki. Yangu iliungua mwezi Aprili, nikabadilisha fyuzi bila kujua sababu.

Kijiweni kwetu kuna mwenzangu aliyenunua kwenu pikipiki kama yangu, mwezi uleule wa Machi. Baada ya kuona yangu, naye alifungua. Bushi la kulia halimo.

Ninachoomba ni hiki. Mniwekee bushi na washa halisi pamoja na waya mpya usio na kiungo, kwa gharama yenu, kwani hilo bushi nililonalo sasa limechongwa kwenye kipande cha bomba. Mnirudishie shilingi 20,000 nilizolipa gereji kwenu. Na zaidi ya yote, muwapigie simu wateja wote waliochukua pikipiki za mzigo ule wa Machi. Namba zao mnazo kwenye risiti. Ni kazi ya dakika kumi kwa kila pikipiki. Hilo la tatu siko tayari kuliacha hata mkinilipa yale mawili ya kwanza.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Zikipita kimya, nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani, FCC, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, nikiwa na risiti zote na picha tulizopiga siku tulipofungua.

Pikipiki nitaileta Jumatatu tarehe 21 Julai saa mbili asubuhi, bila mzigo. Naomba awepo fundi mkuu mwenyewe. Raba iliyobonyea nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuiambatanisha na barua hii. Mkiiweka mezani mtaona alama ya nati ilivyozama upande mmoja.

Wenu,
Mteja, mbeba mboga wa Mgeta