Safari yetu ya Agra siku ya Jumamosi

Ndugu zangu wapendwa, shikamooni wakubwa wote.

Jumamosi tutakwenda Agra kwa treni ya Gatimaan Express, inayoondoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin, Delhi, saa 2:10 asubuhi. Hivyo naomba sote tuwe tumefika saa 1:15, kila mtu akiwa na pasipoti yake mkononi. Ijumaa haikufaa, kwani siku hiyo Taj Mahal hufungwa kwa watalii.

Tutaanzia hapo hapo Taj Mahal, kaburi ambalo Shah Jahan, mfalme wa Dola ya Mughal iliyotawala India, alimjengea mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 akijifungua. Nawasihi msiishie kupiga picha kwa mbali, bali sogeeni ukutani muwaonyeshe watoto maua ya vito vya rangi yaliyopachikwa ndani ya marumaru nyeupe, jani kwa jani. Chakula hakiruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo watoto washibe kwenye treni.

Baadaye tutatembelea Ngome ya Agra, ambako Shah Jahan alizuiliwa na mwanawe Aurangzeb hadi alipofariki mwaka 1666. Kwa kuwa kuna mwendo mrefu wa miguu, Bibi tutamtafutia kiti cha magurudumu. Mwenye mahitaji mengine aniandikie kabla ya Alhamisi jioni.