Sufuria iliyozaa angani

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na pale uliposema huna usiku wa kupoteza na "roboti wachekeshaji" nimeparudia mara mbili. Eti hadithi ya kubuni ya sayansi ikishaingia mzaha, sayansi yenyewe imekwisha. Safari hii sinyamazi.

Unakumbuka kisa cha Abunuwasi na sufuria? Aliazima sufuria ya jirani, akairudisha na kisufuria ndani, akasema imezaa. Jirani akapokea kwa furaha, wala hakuuliza sufuria inazaaje. Mara ya pili akaambiwa, "Pole, sufuria imefariki." Akaja juu, lakini alikuwa ameshanaswa: aliyekubali uzazi atakataaje kifo? Hadithi nzuri za sayansi zenye mzaha ndivyo zinavyokukamata. Unaombwa ukubali jambo moja tu lisilowezekana, halafu unafuatwa nalo hadi uvunguni.

Mchukue Stanisław Lem, yule wa Poland. Msafiri wake yuko peke yake kwenye roketi, na kimondo kidogo kama punje ya haragwe kinaharibu usukani. Matengenezo yanataka watu wawili: mmoja ashike bolti kwa spana, mwingine akaze nati. Huyo wa pili atoke wapi? Bahati nzuri, roketi inapita mahali panapovuruga wakati, na yule wa Jumatatu anakutana na yule wa Jumanne. Mikono minne sasa, kazi imekwisha? Wapi! Hawaelewani. Wanaongezeka, wanatukanana, wanapigana. Ukimpiga wewe wa kesho, uvimbe unakungoja. Chokoleti imeliwa, na mwizi ni wewe mwenyewe wa siku nyingine, sasa utamshtaki nani? Nilicheka peke yangu mpaka nikaweka kitabu kando. Kisha nikatulia, nikaona kwamba sijawahi kusoma maelezo ya safari za wakati yaliyo makini kuliko yale. Waandishi wengi wenye uso wa msiba huruka mambo haya kimyakimya. Mcheshi hawezi, maana kicheko chote kimelala humo.

Douglas Adams naye, katika riwaya yake ya 1979 iliyotokana na mchezo wa redio wa BBC, anaibomoa Dunia nzima kupisha barabara ya angani. Wanadamu wanapopiga kelele wanaambiwa ramani zilikuwa wazi kwa kila mtu kwa miaka 50, katika ofisi iliyoko Alpha Centauri. Sasa piga hesabu: nyota hiyo iko umbali wa miaka ya nuru 4 na ushei. Hata ungekwenda kwa kasi ya mwanga, ni zaidi ya miaka minne njiani, kwenda tu kusoma tangazo! Anayekujibu wala hana chuki nawe. Amechoka tu, kama mtu yeyote wa dirishani aliyewahi kukwambia "tangazo lilikuwepo".

(Na ile 42 ya riwaya hiyohiyo, jibu la swali kuu la maisha, inayorudiwa na kila mtu, hata wasiofungua kitabu, si namba inayonichekesha. Kompyuta imekokotoa kwa miaka milioni 7.5, jibu limetoka, ndipo wenyewe wanagundua hawajui waliuliza nini.)

Sikatai, mbovu zipo, tena nyingi: majina yasiyotamkika, kiumbe wa kijani anateleza, basi. Mwandishi akianza kuvunja kanuni zake mwenyewe ili nicheke, mimi nafunga kitabu. Na usiniombe nikusimulie kwa simu; nilishajaribu kumsimulia mtu ile ya usukani, akaniuliza kwa huruma kama nimelala vizuri.

Kwa hiyo nakutumia kitabu chenyewe cha Lem. Anza na hiyo ya usukani, hata kama haiko mwanzoni. Ni azima. Kikizaa, nirudishie na mtoto wake. Ukiniambia kimekufa, nitakuja kuliona kaburi.

Wako wa siku zote.