Dabo ya haki na mtelezo: kwa nini natoza hata jibu likiwa "hapana"

Juzi kijana mmoja alitoka dukani kwangu, ninapokagua sarafu za kale hapa Mji wa Kale, Mombasa, akilalamika mpaka mlangoni: "Ami, umenila mia tano kuniambia sina kitu!" Alikuja na shilingi ya simba ya 1952, ile ya Afrika Mashariki ya enzi za mkoloni. Kwenye simu alikuwa ameona kwamba sarafu yenye maandishi yaliyojirudia hununuliwa kwa mamilioni, na kweli neno SHILLING kwenye yake lilikuwa na kivuli. Mwezi huu yeye ni wa nne, na wote wameondoka na kinyongo. Basi naeleza.

Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Zamani muhuri wenyewe ulikandamizwa na muhuri mama zaidi ya mara moja ili picha iingie barabara. Mara ya pili ukikaa upande kidogo, picha mbili zinaingia kwenye muhuri, na kila sarafu itakayopigwa nao inazaliwa na maandishi mawili. Hiyo ndiyo dabo ya haki. Senti ya Marekani ya 1955 iliyopata umaarufu ni hivyo: mwaka wake unausoma mara mbili kwa macho matupu.

Ya kijana ilikuwa kitu kingine: mtelezo. Muhuri uliolegea huteleza wakati wa kupiga na kusukuma ubavu wa herufi iliyokwisha kuumbika. Nilimwekea shilingi yake chini ya lenzi ya mara kumi, taa nikailaza ubavuni. Mguu wa L ulikuwa na kidaraja upande mmoja, bapa, kinang'aa, kifupi kuliko herufi, na herufi yenyewe imekonda. Dabo ya haki huinenepesha herufi. Kivuli chake kimeumuka kama herufi yenyewe, na kwenye pembe unaona mwanya mdogo kama ulimi wa nyoka. Sarafu za mtelezo ziko tele na haziongezi bei hata kidogo.

Mia tano ni ya kuangalia, si ya jibu. Naipima sarafu uzito, napitia pande zote mbili, kisha nailinganisha na shilingi za mwaka huohuo nilizoweka kwenye trei, moja moja. Ni nusu saa ya macho. Ningetaka kumdhulumu, ningemwambia ana mali, nimtoze na cheti.

Wengine hukimbilia kusafisha, na hapo ndipo hasara ilipo. Bi mkubwa mmoja aliniletea pesa ya Sayyid Barghash, sarafu ya shaba ya huyo Sultani wa Zanzibar, ile yenye picha ya mizani, ameilaza kwenye ndimu usiku kucha kisha akaisugua kwa jivu. "Ilikuwa chafu, mwanangu, ningekuletea vile?" Shaba ilikuwa ya waridi, na kingo za herufi, mahali pale pale ninapotafuta ushahidi, zimelainika zote. Kama palikuwa na kitu, hakisomeki tena. Sikumtoza, lakini bei ya pesa ile ilishaanguka kabla hajafika kwangu.

Kuna na makosa ya kutengenezwa. Nililetewa senti kumi ya mkoloni, ile ambayo kwa kawaida ina tundu katikati, lakini hii haina, mwenyewe anataka bei ya gari. Chini ya lenzi ukaonekana mstari wa duara katikati: tundu lilizibwa kwa madini ya risasi, likapigwa msasa. Alikuwa ameinunua hivyo, maskini, na kwa pesa nyingi.

Herufi H au KN kwenye sarafu hizi za mkoloni si kosa. Ni alama za viwanda vya Birmingham, Heaton na King's Norton. Heller 20 za Tabora za 1916 nazo, sarafu za Wajerumani walipotawala Tanganyika, zilizopigwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa vyuma vilivyopatikana, nyingi zina sura hafifu na shaba ya rangi tofauti. Ndivyo zilivyotoka. Ukiniletea moja nitafurahi sana kuishika, ila usiniambie ni kosa kwa sababu taji halionekani vizuri.

Leteni sarafu kama zilivyo, kila moja kwenye karatasi yake, zishikwe ukingoni. Picha za WhatsApp sitoi bei kwazo, kwani mkono ukitikisika simu nayo inatengeneza dabo.

Yule kijana kwa hasira aliisahau shilingi yake kaunta. Iko kwenye bahasha, nimeandika mwaka na tarehe aliyokuja. Aje aichukue, na lenzi nitamwachia aangalie mwenyewe kadiri atakavyo.