Mume wangu alinicheka mbele ya mamake

Shangazi,

Ni saa tisa na robo usiku. Nimejaribu kulala, nimeshindwa. Yeye anakoroma hapa kando yangu kama mtu asiyedaiwa na yeyote, na labda kweli hadaiwi.

Ilikuwa Jumapili, ushago, kwa kina yeye. Tulikuwa tumemaliza kula, mashemeji wote wamejaa sebuleni, na mmoja akauliza Desemba tutafika lini. Kabla nifungue mdomo, mume wangu akamjibu: "Desemba huyu mwenzenu anaenda Marekani kulipia kuona punda milia, na punda milia wako Lang'ata." Wakacheka. Mavyaa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, na ile leso nilimnunulia mimi. Shemeji mdogo akadakia, "Na akishuka atasalimiwa Jambo!" Wakaanza upya.

Hiyo Jambo hawakuitunga wao. Waliambiwa, na aliyewaambia ni yeye, maana ni mimi niliyemwonyesha. Huko Orlando, Disney wana bustani nne za burudani, na moja ni ya wanyama, Animal Kingdom, ya tangu 1998. Ndani yake wamejenga kijiji cha Afrika Mashariki ambacho hakiko popote, wakakiita Harambe. Wameiga Lamu. Kuta wamezipaka rangi kisha wakazibambua makusudi zionekane kuukuu, maandishi ya Kiswahili yako kila upande, mgeni anasalimiwa Jambo, na hapo unapanda lori la wazi unazungushwa kama dakika 18 ukiona twiga na hao punda milia. Mzunguko huo wameupa jina la Kilimanjaro. Nilipoona video yake nilifurahi kama mjinga. Nilimwonyesha tukiwa kitandani, simu katikati yetu, akacheka, lakini kile kilikuwa kicheko kizuri, tulicheka wote wawili. Sikujua anakiweka akiba aende akakitoe kwa mama yake.

Na mimi sikutaka hata hiyo ya wanyama! Mimi hesabu yangu ni Magic Kingdom, ile yenye kasri, na vile vikombe vikubwa mnavyoingia mkazunguka mpaka kichwa kiume. Siku mbili tu. Punda milia amewaleta yeye.

Kabla uniambie ni pesa za nyumba, si za nyumba. Mimi hushona sare Uhuru Market, na unajua Januari huko kulivyo, mtu halali wiki tatu. Karo haijawahi kuchelewa kwa sababu yangu. Kodi tunagawana. Lile tangi la lita 2,300 lililo kwa mavyaa, ambalo siku hiyo walikunywa maji yake wakinicheka, nililinunua mimi na fundi nikamlipa mimi. Nimekuwa nikiweka elfu kumi na tano hivi kwa mwezi, mwezi mwingine zaidi, mwingine hakuna, na sasa zimefika laki saba na kidogo. Sijaiba. Sijakopa. Hata Fuliza sina.

Shida ni kwamba nimekuwa kama mtu anayekimbiza matatu. Unakaribia kushika mlango, makanga anapiga bati, gari linasonga. Nilipoanza, mwaka 2021, dola ilikuwa kama shilingi 110. Siku ghali kabisa ya kuingia pale kwenye kasri ilikuwa dola 159. Kijana wangu alikuwa na miaka 2, na aliye chini ya miaka 3 halipiwi kitu. Msichana alikuwa na miaka 7, wa bei ya watoto. Nikasema miaka miwili, mitatu, tumefika. Mwanzoni mwa 2024 dola ikawa 160, nikafunga daftari nikalisukuma chini ya cherehani. Iliposhuka mpaka 129 nikalitoa tena. Kumbe watoto nao hawakungoja. Msichana sasa ana miaka 11, na kwa wale watu ukishafika 10 wewe ni mtu mzima, unalipa sawa na baba yako. Kijana ana miaka 6, naye analipa. Na siku za karibu na Krismasi, kiingilio sasa kimepita dola 200. Sisi wanne, siku moja, mlangoni tu, kabla mtu hajasema ana kiu, ni laki moja na ushei. Nilisoma mahali kwamba walipofungua mwaka 1971 mlangoni ilikuwa dola 3 na senti 50, michezo ukiilipia kando. Sikuwa nimezaliwa, lakini nilikasirika kama niliyekuwapo nikakataa kwenda.

Nauli ya ndege ya Desemba sikuandikii, utaacha kusoma. Na usiniambie niende mwezi mwingine. Msichana anafanya mtihani wa gredi ya sita, likizo ndefu ni hiyo hiyo moja, sitamtoa mtoto shuleni Septemba eti kwa sababu huko foleni ni fupi.

Binamu yangu anaishi Atlanta. Yeye ndiye aliyenitia moto na sasa ndiye anayenimwagia maji. Alienda na wanawe 2018, na wakati ule kulikuwa na FastPass, unachagua saa yako mapema unapita foleni bure. Akarudi Desemba iliyopita, akakuta njia ya mkato sasa ni ya kulipia, na ile ya kupita popote saa yoyote unayotaka, siku zenye msongamano, inafika dola 449 kwa mtu mmoja, mbali na kiingilio. Nilimfanya arudie hiyo bei. Wao hawakuilipa, walipanga foleni kama watu, na mtoto wake alisinzia amesimama. Nikamuuliza, kwa hivyo ilikuwa hasara? Akanyamaza kidogo. "Zile fataki za usiku, dada. Mdogo wangu mpaka leo anazizungumzia." Sasa nifanye nini na jibu kama hilo? Ametupa nafasi ya kulala kwake na atatuendesha na gari mpaka Florida, kwa hivyo hoteli nimeitoa kwa kiasi kikubwa. Hiyo mume wangu hakuisema mbele ya nduguze. Alisema punda milia.

Nakubali hesabu zake si za ujinga. Amenieleza mara nyingi, kwa upole, kabla ya hiyo Jumapili. Treni ya Mombasa, siti ya kawaida, ni 1,500. Kuna bahari, kuna mabwawa ya kuteleza pale Nyali, tutakaa wiki nzima na pesa ya paa la mamake ibaki. Akiniambia hivyo tukiwa wawili mimi husikiliza. Wakati mwingine nilikuwa nakaribia kukubali. Lakini sasa nikikubali, itakuwa nimekubali kwa sababu walinicheka, na kila Krismasi nitakayofika kule kuna mtu atanisalimu Jambo.

Wiki iliyopita msichana alinijia jikoni nikikata sukuma. Akaniambia, "Mama, hata tukienda Mombasa na treni ni sawa tu." Nikamuuliza nani amekutuma. Akasema hakuna. Nikamuuliza tena, sauti ikapanda, akalia. Sasa sijui. Labda alitumwa, labda ameona daftari. Ukurasa wa Desemba nimeufuta kwa raba mara nyingi mpaka umetoboka, na mtoto wa miaka 11 anajua tundu kama hilo linamaanisha nini. Au labda ni mkubwa tu, hataki tena mambo ya kasri. Nilipoanza alikuwa akivaa gauni la binti mfalme mpaka kanisani, nililishona mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa cha mahafali ya nasari. Siku hizi anataka simu.

Utaniuliza, basi safari hii ni ya nani. Mimi nakuambia ni ya watoto. Ila nikwambie kitu. Nikiwa darasa la nne tulienda maonyesho ya kilimo ya ASK pale Jamhuri, baba akanipa shilingi za kutosha kitu kimoja, bembea ile kubwa ya kuzunguka au soda. Nilikuwa na ndugu yangu mdogo, alikuwa na kiu, nikanunua soda. Ndiyo hiyo tu, hakuna aliyekufa. Lakini mume wangu anaijua hiyo hadithi. Nilimsimulia tukichumbiana, tukiwa kwenye mashua pale Uhuru Park, na ni yeye aliyeniambia, "Wewe nitakupeleka kwenye bembea kubwa kuliko zote duniani." Ni yeye aliyeanza, Shangazi! Mimi niliweka akiba ya neno lake. Halafu anakaa kwa mama yake, miguu ameinyoosha, anawaambia watu nataka punda milia.

Jioni hiyo garini nilinyamaza kutoka ushago mpaka Mlolongo. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa. Akanunulia watoto mahindi choma, nami akaninunulia, nikala. Hajui hata leo. Ningetaka ajue bila mimi kumwambia, na najua hilo haliwezekani, usinikaripie.

Sasa kuna jambo lingine. Pasipoti zetu zote tulichukua zamani, za watoto alisaini mwenyewe bila shida, tulikuwa tukicheka kizuri wakati huo. Mwezi uliopita, baada ya hiyo Jumapili, nilikaa usiku kama huu nikajaza fomu za viza. Nilijaza tatu. Yangu na za watoto. Dola 185 kila mmoja, jumla elfu sabini na moja na ushei, nikalipa. Hazirudishwi hata ukinyimwa.

Nilijiambia ni hesabu. Wanne haifiki popote, ile laki saba inaishia kwenye nauli. Watatu inakaribia, nikipata oda za Novemba. Na ni kweli, ukichukua kalamu utaona ni kweli. Lakini ile fomu ya nne niliifungua, nikaandika jina lake la kwanza na la pili, halafu nikasikia ile sauti ya mavyaa akicheka, nikafunga. Kwa hivyo sijui nilimtoa kwa sababu ya hesabu au kwa sababu ya kicheko. Ningejua lipi, ningelala.

Na kusema ukweli sitaki kwenda bila yeye. Nani atanishikia mkoba nikiingia kwenye kikombe? Kijana akichoka hubebwa na baba yake, mimi mgongo umeisha kwa cherehani. Kuna siku naomba wanikatalie pale Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani, wakinikatalia itakuwa imeisha, nitarudi niseme nilikuwa Eastleigh. Kisha nikiwaza wananikatalia, moyo unaruka kwa hofu.

Usinijibu kwamba Marekani ni ghali. Hilo nimelipigia hesabu kuliko mtu yeyote Nairobi. Niambie kama nimwambie kuhusu zile fomu tatu kabla ya Jumanne, siku ya mahojiano ya viza, au baada. Na kama ni kabla, nianze na fomu au nianze na punda milia? Nikianza na fomu nitakuwa mimi mkosaji. Nikianza na punda milia atasema, "Hiyo tu? Ule ulikuwa mzaha," na nitakapofika kwenye fomu nitakuwa nimeshalia, na nikilia siwezi kueleza kitu.

Jumanne ni saa mbili na nusu asubuhi. Yeye anajua Jumanne naenda kuchukua vitambaa. Amesema atanipeleka kwa gari, kwa sababu mgongo unaniuma.

Mama Wawili,
Donholm

Ukichapisha, tafadhali toa hapo pa Uhuru Market na hapo pa tangi. Yeye husoma ukurasa huu wako, ndiye aliyenionyesha.