Barua ya wazi kwa Meya wa Lanchkhuti: ule msimu ambao Guria hawakuucheza nao uandikwe ukutani

Mheshimiwa Meya wa Manispaa ya Lanchkhuti, mkoa wa Guria, Georgia,

Shikamoo. Kwetu barua haianzi bila salamu, kwa hiyo pokea hiyo kwanza, wewe na wazee wote wa hapo mjini, halafu nijitambulishe maana najua hunijui. Mimi ni Mtanzania wa Mufindi, kule kwenye mashamba ya chai, nilisoma Kutaisi miaka kadhaa na siku hizi nimesharudi nyumbani. Naandika kwa Kiswahili na naiweka wazi makusudi, nataka wenzangu wapenda mpira huku nao waisome wajue kuna mji mdogo namna hii uliwahi kufanya jambo zito namna hii, na nitatafuta mtu aitafsiri kwa Kigeorgia ikufikie mezani kwako.

Ninachokuja kuomba ni kuhusu FC Guria, timu ya mpira ya mji wenu.

Nilifika Lanchkhuti mara ya kwanza kwa bahati tu, tulikuwa tunaelekea baharini upande wa Kobuleti na zile hiace zenu mnazoziita marshrutka, tukashuka kununua maji na mikate, mimi nikauona uwanja nikaacha wenzangu nikaenda kuchungulia. Jamani, nilishangaa. Uwanja wa Evgrapi Shevardnadze kwenye kumbukumbu unatajwa kuwa wa watu 22,000, na mji wenyewe kwa sensa ya 2014 una watu 6,000 na kitu! Yaani ukiwachukua watu wote wa mjini, na watoto wachanga, na wagonjwa vitandani, ukawakalisha wote majukwaani, bado viti zaidi ya nusu vinabaki wazi. Nikajiuliza huu uwanja alijengewa nani.

Jibu nilipewa na mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje ya duka. Kigeorgia changu kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia bei, lakini majina ya timu ni yale yale lugha zote, basi akawa anakunja kidole kimoja kimoja, Spartak, Dynamo Kyiv, Zenit, Torpedo, Dinamo Minsk, Shakhtar, Žalgiris, anakunja huku anaonyesha chini pale uwanjani, hapa, hapa, hapa. Nikadhani ananipiga stori za kijiweni. Jioni niliporudi Kutaisi nikaingia mtandaoni kutafuta, na tangu siku hiyo sijaacha kuisoma historia ya hii timu.

Wasomaji wangu wasioijua niwape kwa ufupi. Guria ni klabu ya 1924. Miaka mingi ilikuwa timu ya mkoani tu, huko madaraja ya chini ya mpira wa Kisovieti, na Georgia nzima ilikuwa inaitazama Dinamo Tbilisi, ambao walikuwa mabingwa wa Usovieti 1964 na 1978 na wakabeba Kombe la Washindi la Ulaya 1981. Halafu 1986 Guria wanapanda Ligi Kuu ya Usovieti. Na waliopanda nao pamoja mwaka huo ni CSKA Moscow, timu ya jeshi la nchi nzima. Hebu fikiria nchi ya watu zaidi ya milioni 280, ligi ya timu 16 tu, na moja kati ya hizo 16 inatoka mji ambao gari moshi likipita unaweza kuumaliza kuutazama kabla hujamaliza sentensi.

Najua kuna watu watasema Eduard Shevardnadze alizaliwa kijiji cha Mamati hapo hapo Lanchkhuti, na wakati ule ndiye waziri wa mambo ya nje wa Usovieti, na uwanja una jina la ukoo wake, kwa hiyo Guria walibebwa. Mimi siandiki kubishana na hilo. Mkubwa anaweza akasaidia uwanja ujengwe na basi lipatikane, lakini msimu mzima wa ligi mnacheza uwanjani, watu 11 kwa 11, na Alma-Ata kule Kazakhstan hampelekwi na jina la mtu, mnasafiri wenyewe kuvuka Bahari ya Kaspi mpaka huko karibu na China mkacheze na Kairat halafu mrudi.

Msimu wa 1987 ulikuwa mgumu, hakuna kuficha. Guria walimaliza wa mwisho, nafasi ya 16. Wa 15 walikuwa CSKA. Walipanda pamoja, wakashuka pamoja. Lakini kabla ya kushuka, Dynamo Kyiv iliyokuwa na Kombe la Washindi la 1986, yenye Blokhin na Belanov ambaye ndiye alibeba Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, mwaka huo wa 1986, ligi iliwapangia mechi ya ugenini Lanchkhuti. Timu ya mji wenu! Mtoto wa Lanchkhuti mwaka ule alikuwa hana haja ya redio kujua nani ni nani kwenye mpira wa Usovieti, ilikuwa inakuja mlangoni kwake.

Sasa hapa ndipo ninapopataka, Mheshimiwa, na naomba unisikilize kwa utulivu.

Watu wengi wakisimulia Guria wanaishia 1987. Wanasema timu ya mji mdogo ilipanda, ikacheza mwaka mmoja, ikashuka, basi, hadithi nzuri imeisha. Kwangu mimi hiyo ni nusu tu, na ni nusu ndogo. Maana Guria hawakukata tamaa, walijipanga daraja la kwanza, lile lililo chini ya Ligi Kuu, miaka ile ya mwisho ya Usovieti wakawa hata na kocha kama Mykhailo Fomenko, ambaye baadaye sana aliipeleka Ukraine kwenye Euro 2016, na 1989 wakapanda tena Ligi Kuu. Mara ya pili! Na nani tena wamepanda nao? CSKA Moscow, wale wale. Mlango ule ule, mwaka ule ule, timu mbili zile zile.

Lakini 1989 haikuwa mwaka wa kawaida Georgia. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Aprili wanajeshi wa Kisovieti waliwavamia waandamanaji waliodai uhuru pale Tbilisi, mji mkuu, kwa sepetu na gesi, wakafa watu wapatao 20 wengi wao wanawake, wengine wasichana wadogo kabisa. Baada ya pale kila kitu kilibadilika, na mpira nao. Februari 1990 Georgia wakaunda shirikisho lao la soka na wakaamua timu zao zinatoka kwenye ligi za Usovieti, wanaanzisha ligi yao wenyewe, wakati nchi bado haijawa huru hata kwenye karatasi, uhuru ulikuja kutangazwa 9 Aprili 1991. Timu mbili ndizo zilikuwa na nafasi Ligi Kuu msimu ule wa 1990, Dinamo Tbilisi, ambao walibadili jina wakajiita Iberia, na Guria Lanchkhuti.

Uamuzi ulikuwa mmoja kwa wote, lakini gharama haikuwa moja. Dinamo walikuwa wameshakula. Wana mataji mawili, wana kombe la Ulaya, wana miongo na miongo kwenye ligi ile. Wakiondoka wanaondoka wameshiba. Guria walikuwa wameonja mwaka mmoja tu, tena mwaka wa kipigo, wamehangaika misimu miwili kurudi, wamerudi, sahani iko mezani, chakula kina moto, halafu wanaambiwa tunaondoka. Na wakaondoka. Ratiba ya Ligi Kuu ya 1990 ikachezwa bila wao, baadaye Žalgiris wa Vilnius nao wakajitoa, timu zikabaki 13.

Na CSKA? CSKA msimu huo huo wa 1990 walimaliza wa pili, na 1991 wakawa mabingwa, ubingwa wa mwisho kabisa wa Usovieti. Simaanishi Guria nao wangekuwa mabingwa, hapana, hilo sitalisema. Ninachosema ni kwamba waliingia mlango mmoja mara mbili, na mara ya pili mmoja akaenda kukaa kwenye kiti na mwingine akageuka akarudi nyumbani kwa sababu ya nchi yake.

Tena huko nyumbani hawakwenda kulala. Ligi ya kwanza ya Georgia, 1990, Guria walishika nafasi ya pili nyuma ya Iberia. Kombe la kwanza la Georgia mwaka huo huo walilibeba wao, fainali waliifunga Tskhumi ya Sukhumi, mji mkuu wa jimbo la Abkhazia, 1-0. Kawaida ukibeba kombe la nchi unakwenda Ulaya. Guria hawakwenda popote, kwa sababu Georgia ilikuwa bado haimo UEFA wala FIFA, ilikuja kuingia 1992. Kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja walikosa Ligi Kuu waliyoipigania na wakakosa Ulaya waliyostahili, na sijaona mahali popote timu hii imelalamika.

Baada ya hapo mnajua nyie kuliko mimi. Vita Tbilisi mwishoni mwa 1991, vita Abkhazia 1992 na 1993, ile Sukhumi waliyocheza nayo fainali ikawa haifikiki tena, umeme ukawa wa kubahatisha, na chai ikafa. Hapo kwenye chai niseme kidogo kwa sababu inanigusa. Baba yangu alichuma chai, mimi nimesoma kwa hela ya chai. Nilipoona kwenye vilima vya Guria miche ya chai imeota porini imekuwa vichaka, hakuna mchumaji, nilisimama pale nikashindwa kuongea, maana najua shamba likifika hali ile kuna shule ngapi zimekosa karo na kuna timu ngapi zimekosa jezi. Timu ya mji haiwezi kuwa na afya kuliko mji wenyewe. Guria wamepanda na kushuka mara kadhaa tangu hapo, wamerudi ligi kuu ya Georgia wakatoka tena, siku hizi wako madaraja ya chini. Silaumu mtu.

Ombi langu liko hivi. Wale waliocheza 1987 na 1990 sasa hivi wengi wamekaribia au wamepita miaka 60. Waliokuwa watu wazima majukwaani ni wazee zaidi. Yule mzee wangu wa dukani sijui kama yupo, nilimpita nikamshukuru sikumrekodi hata dakika moja na simu nilikuwa nayo mfukoni, najuta mpaka leo. Nakuomba manispaa ichukue vijana wachache wa shule, iwape simu na daftari, wapite nyumba kwa nyumba Lanchkhuti na vijijini, wawaulize wazee, siku ile ya kupanda mlikuwa wapi, mlifikaje uwanjani, mlilala wapi mliotoka mbali, na siku mliposikia hatuchezi tena Ligi Kuu mlisema nini. Swali hilo la mwisho ndilo nalitaka kuliko yote, kwa sababu namba nimezipata mtandaoni lakini jibu la hilo halimo. Tiketi za zamani, picha, vikombe, jezi, vikusanywe vipate chumba chini ya jukwaa pale pale uwanjani, hata kiwe kimoja kidogo, kiwe na kufuli na mtu wa kukifungua siku ya mechi.

Na hili si jambo geni kwenu. Kila Pasaka pale Shukhuti, ndani ya manispaa yako, Shukhuti ya juu na Shukhuti ya chini wanagombania lelo, mpira wa kilo 16 uliojazwa udongo na kumwagiwa divai, wanasukumana kijiji kizima bila idadi ya wachezaji, na wanaoshinda hawachukui kombe, wanaupeleka ule mpira kaburini kwa mtu wao aliyefariki mwaka ule. Niliposimuliwa hilo nilinyamaza muda mrefu. Watu wanaobeba kilo 16 za udongo kwenda kumpa marehemu wao hawahitaji kufundishwa na mgeni namna ya kukumbuka.

Basi mkishapata hicho chumba, ukutani mtaandika misimu ya klabu, mwaka na daraja na nafasi, kama klabu zote zinavyofanya. Ikifika 1990 naomba msiweke mstari mmoja tu wa ligi ya Georgia. Wekeni miwili. Wa chini uandikwe: ligi ya Georgia, nafasi ya pili, na Kombe. Wa juu yake uandikwe: Ligi Kuu ya Usovieti, nafasi ilipatikana uwanjani, haikuchezwa. Pale kwenye idadi ya mechi, ushindi, sare na magoli paachwe wazi kabisa, hata sifuri msiweke.

Nikipata nauli nitakuja kuuona huo ukuta.

Wako katika mpira,
Aliyekuwa mwanafunzi Kutaisi, sasa yupo Mufindi, Tanzania