Fort Laramie ilianza kama duka, wanajeshi walikuja baadaye

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya ngome za magharibi ya Marekani, nzuri tu sikatai, ila hapo kwenye Fort Laramie mmenikera kidogo. Mmeanza na wanajeshi mwaka 1849 kana kwamba kabla yao palikuwa pori tupu, wakati biashara ilishafanyika pale miaka 15 mizima! Na ukiiruka hiyo miaka huwezi kuelewa kwa nini baadaye mambo yaliharibika vile.

Mwaka 1834 William Sublette na Robert Campbell walijenga boma la magogo pale Mto Laramie unapoingia North Platte, Wyoming ya leo, wakaliita Fort William. Walichokuwa wanatafuta ni ngozi za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito, maana kofia za biva ndio zilikuwa fasheni mijini. Fasheni ikahamia kwenye hariri, na biva wenyewe walishawindwa mno, basi biashara ikageukia ngozi za baisoni, wale nyati wa Marekani. Hapa ndipo wanawake wa Kilakota, wenyeji wa asili wa nyika zile, wanaposahaulika na waandishi wengi, kwa sababu ngozi mbichi haina mnunuzi, ni wao waliokuwa wanaikwangua nyama, wanaipaka ubongo wa mnyama, wanaisugua siku baada ya siku mpaka inalainika kama blanketi, ndipo mume anaipeleka dukani kubadilisha na shanga, sufuria, baruti, kahawa, sukari na pombe pia japo sheria ilikataza. Mwaka 1841 kampuni ya American Fur, ambayo ilishalinunua boma, ikajenga jipya la matofali ya udongo, Fort John.

Alafu ndio dhahabu ya California, watu wakamiminika kupitia hapo na magari ya kukokotwa na ng'ombe, nyasi zinaisha, kipindupindu kinaua watu njiani, na baisoni wanahama. Jeshi likanunua sehemu nzima kwa dola 4,000 ili lilinde njia. Na picha mliyoweka, ile ya ukuta wa magogo na mabendera, sio ya enzi za jeshi jamani, kuta zilikuwa za wafanyabiashara! Wanajeshi waliishi kwenye majengo yaliyotawanyika uwanjani bila ukuta wa kuzunguka kambi.

Sasa kisa cha ng'ombe mmekipa mstari mmoja tu, wakati kwangu ndio moyo wa habari yote. Agosti 1854 ng'ombe wa msafara wa Wamormoni, waumini waliokuwa wanahamia magharibi, alipotea akaingia karibu na kambi ya Walakota waliokuwa wanasubiri mgao wao wa mkataba wao na serikali wa 1851, na mgeni mmoja pale, High Forehead, akamuua wakamla. Chifu Conquering Bear alienda mwenyewe ngomeni akajitolea kulipa farasi. Mfanyabiashara yeyote wa zamani angelipokea lile farasi yakaisha, na hata mkataba wenyewe ulitaka malipo tu, kesi ilikuwa ya wakala wa serikali ambaye tayari alikuwa njiani anakuja. Lakini Luteni John Grattan, kijana ametoka chuo cha kijeshi juzi tu, akaenda na askari 29 na mizinga miwili kumkamata mtu kwenye kambi yenye maelfu ya watu, tena mkalimani wake amelewa anawatukana wenyeji njia nzima. James Bordeaux, mfanyabiashara mwenye duka hapo karibu, aliyeoa kwa Walakota, alimwambia amnyamazishe huyo mlevi, hakusikilizwa. Chifu akapigwa risasi na jeraha likamuua, Grattan na watu wake wote wakafa, na mwaka uliofuata Jenerali Harney akaenda kulipiza kisasi kwenye kambi ya Walakota pale kijito cha Blue Water, akaua hadi wanawake na watoto. Yote hayo kisa ng'ombe ambaye alishapata mlipaji!

Mimi sisemi wafanyabiashara walikuwa malaika, pombe yao iliharibu familia nyingi na bei zao zilikuwa za kunyonya. Ila walijua majina ya watu, walijua lugha, wengine walikuwa mashemeji, na ugomvi kwao ulikuwa hasara hivyo waliumaliza mapema. Afisa aliyeletwa na kuhamishwa kila baada ya muda hakuwa na sababu hizo.

Mmeahidi sehemu ya pili, basi naomba mkataba wa 1868 uliosainiwa hapo hapo msiupitie juu juu. Ndio uliowaachia Walakota milima ya Black Hills, dhahabu ikaonekana 1874, na 1877 serikali ikachukua ardhi. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1980 ilikubali walipwe, hesabu na riba ikapita dola milioni 100, na mpaka leo hawajaichukua hiyo hela, wanataka milima yao.

Ni mimi msomaji wenu