Kiraka cha Bi Mkubwa

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam alaykum. Nisamehe kimya, Leicester wengine hatujambo. Ni Bi Mkubwa. Alikuwa anamenya vitunguu, mkono wa kulia ukamlegea na maneno yakamgoma. Baada ya dakika chache akarudi sawa, akasema ni uchovu! Ultrasaundi imeonyesha mshipa wa shingo, upande wa kushoto, umebanwa na mafuta asilimia 80. Tangu utafiti wa Amerika Kaskazini wa 1991 inajulikana kwamba ukifika 70 na ukishatoa ishara, kuusafisha kunapunguza sana hatari ya kiharusi, na inafaa iwe ndani ya wiki mbili. Muda hatuna.

Upasuaji kaukubali. Tumekwama kwenye kiraka. Wakishakwangua yale mafuta hawaushoni mshipa hivi hivi, maana huweza kubana tena. Wanaupanua kwa kiraka. Hemedi kapiga simu kutoka Muscat, kashikilia watumie vena, mshipa wa kurudisha damu moyoni, ya mguuni mwa Mama mwenyewe, kitu cha mwili wake. Ni kweli, vena haipati maambukizi kirahisi kama kitambaa cha poliesta. Lakini Mama hataki kufunuliwa paja. Anasema wakate kifundoni. Na hapo ndipo ninapokosa usingizi, Zuhura. Vena ya kifundoni ni nyembamba, na damu ya ateri, kama huo mshipa wa shingo, inasukuma kwa nguvu. Inaweza kupasuka siku za mwanzo, shingoni! Daktari kasema vena yenye upana chini ya milimita 3.5 haigusi, na wanaopasukiwa zaidi ni wanawake na wenye kisukari. Mama ni vyote viwili.

Kilichobaki ni vena ya juu, karibu na kinena, au utando wa moyo wa ng'ombe. Mimi naupenda huo wa ng'ombe: mguu haukatwi, na vena inabaki akiba, moyo ukija kuhitaji kupandikiziwa mshipa. Sasa Hemedi anauliza ng'ombe huyo kachinjwa vipi, na Mama kanyamaza. Unajua kunyamaza kwake.

Wewe umesimama thieta ya upasuaji miaka yote hiyo, na maneno yako anayapokea kuliko yangu. Utampigia kesho baada ya Magharibi? Mwambie habari ya kifundo, mimi keshanichoka. Pale kwenu mnatumia kiraka gani? Ukimwambia anaweza kuomba wauguzi wa kike tu wamwandae, atalegea kuhusu paja? Na Maalim Shaabani, unaweza kumuuliza suala la ng'ombe kabla Hemedi hajapiga tena? Mariamu kajifungua?

Wako,
Rukia